Maswali Manne ya Mama Barafu

Kila mtu ana kitu chake ambacho hataki kiguswe. Mwingine ni sufuria, mwingine ni kiti cha dirishani. Mama Barafu alikuwa na sanduku la bluu lenye mkanda wa kuning'iniza begani, na humo ndani mlikuwa na barafu, sponji mbili, bendeji, mkasi, na chupa ya mdomo mpana yenye maji na yai moja bichi. Mchezaji akithubutu kulifungua bila ruhusa, hata kama anakufa kwa kiu, alikuwa anasikia habari za ukoo wake mpaka kizazi cha nne.

Kazi yake ya kumlisha ilikuwa udobi katika hoteli ndogo nyuma ya stendi. Tangu alfajiri mpaka saa nane mchana alikuwa akipiga pasi mashuka, moja baada ya jingine, upande wa ndani kwanza. Barafu alipewa na mpishi wa hoteli, kwa sababu aproni za mpishi huyo zilipigwa pasi zikasimama zenyewe. Lakini ukimuuliza Mama Barafu anafanya kazi gani, hakukutajia mashuka. Alikwambia: "Mimi ni mtu wa huduma ya kwanza." Na ilikuwa kweli. Kwa miaka kumi na tisa hakukosa mechi hata moja ya timu ya wasichana ya pale mtaani, kuanzia enzi za nahodha ambaye sasa ana watoto watatu.

Mafunzo yake yalikuwa ya siku tano tu, na cheti chake kilining'inia juu ya kitanda. Katika mafunzo hayo mkufunzi alieleza kwamba mchezaji akigongwa kichwa, usimwangalie damu peke yake, mwulize maswali uone kama akili iko nyumbani. Akataja maswali manne. Mama Barafu aliyaandika yote manne kwenye daftari lake kwa mwandiko mzuri. Mkufunzi alikuwa ametanguliza maneno mawili, "kwa mfano", na hayo mawili hayakuingia daftarini.

Basi kwa miaka kumi na tisa maswali yakawa ni yale yale: Leo ni siku gani? Tunacheza na nani? Mechi iliyopita ilikwisha ngapi ngapi? Na mimi naitwa nani? Ukijibu yote, unaendelea. Ukikosa moja, unatoka nje, na kocha apige kelele mpaka asubuhi.

Kulikuwa na jambo jingine lililompendeza sana. Kabla ya kila mechi wasichana walikuwa wakikusanyika kwenye kona ya chumba cha vifaa, vichwa pamoja, wakinong'ona. Yeye alikuwa mlangoni na sanduku lake, hasikii kitu ila mwisho wake, na mwisho wake ulikuwa daima "Mama Barafu". Akajua wanasali, na katika sala yao hawamsahau. Alikuwa anainamisha kichwa, mkono juu ya mfuniko, anasubiri wamalize. Hakuwahi kumwambia mtu, lakini kwa sababu ya dakika hiyo moja alisamehe mengi.

Mengi, ndiyo, maana hawakuwa wanamsikiliza. Kila msimu ukianza aliwakalisha chini na kuitoa ile chupa yenye yai. "Chupa ni fuvu," alisema, "yai ni ubongo. Anayekugonga hagusi yai, anagusa chupa. Sasa tazameni." Akaitikisa kwa nguvu, na yai likapasuka, na maji yakawa ya njano. "Kichwa hakifungwi bendeji, wanangu. Mechi zipo tele. Ukigongwa, sema. Na usirudi kabla hujapona, maana kugongwa mara ya pili ni kubaya kuliko mara ya kwanza." Wasichana walipiga miayo. Beki wa kati, binti mrefu waliyemwita Ngome, alilala kabisa, misimu mitatu mfululizo, kichwa begani kwa mwenzake.

Halafu akaja mdogo wake.

Hapa lazima niseme ukweli, maana bila ukweli huu hadithi haina miguu. Mama Barafu alimwonea wivu mdogo wake tangu wakiwa wasichana, na alikuwa na sababu. Baba yao alipoachishwa kazi, ilibidi mmoja abaki nyumbani na mama mgonjwa na mmoja aendelee na shule. Darasani Mama Barafu alikuwa wa pili. Mdogo wake alikuwa wa kumi na tatu. Lakini mkubwa ndiye aliyejua kupika uji wa mgonjwa, kwa hiyo mkubwa ndiye aliyebaki. Akafua sare za mdogo wake kwa miaka sita. Mdogo akasoma, akasoma tena, akawa mwalimu wa kompyuta chuoni, akanunua gari. Na hakuwa mtu mbaya, hilo ndilo lililouma. Kila sikukuu ya familia alisimama mbele za watu akasema, "Bila dada yangu nisingefika." Shukrani ya mtu aliyekuzidi ni kama kiatu cha kupewa: kinabana, na huruhusiwi kulalamika.

Alhamisi hiyo alikuja mazoezini na vishikwambi vinane kwenye begi. Yeye na wanafunzi wake wa chuo walikuwa wametengeneza gemu la kuwafundisha wanamichezo chipukizi habari za mtikisiko wa ubongo. Kocha, ambaye siku zote alimwita Mama Barafu "wewe mama", alimvutia mgeni kiti na kumwita "Mwalimu".

Wasichana wakagawana vishikwambi wawili wawili, wakaketi kwenye sakafu yenye harufu ya dawa ya misuli na soksi mbichi. Ndani ya gemu wewe ni beki. Mpira wa kona unakuja, unaruka, unagongana na mtu, kioo kizima kinatikisika. Hapo unaulizwa: utasema au utanyamaza? Ukinyamaza unaendelea kucheza, lakini ukungu unaanza kutanda uwanjani, mipira inakuwa miwili, vitufe vinachelewa kukusikia. Ukigongwa tena, kioo kinakuwa cheusi, na sauti inakwambia msimu wako umekwisha.

"Haa! Nimekufa!" alipiga kelele winga, msichana mdogo wa umbo, mwepesi wa hasira, jina la utani Kiberiti.

"Hujafa, mjinga wewe. Umenyamaza ndiyo maana," alisema Ngome. Akainua mkono kama yuko darasani. "Mwalimu, kumbe ukigongwa mara ya pili kabla hujapona, inakuwa mbaya zaidi?"

"Swali zuri sana," alisema mdogo mtu.

Mama Barafu alikuwa mlangoni. "Nilisema!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka.

Wote wakageuka. "Ulisema lini, Mama?" Ngome aliuliza, na aliuliza kwa nia njema kabisa.

"Mwaka jana. Na mwaka juzi. Na mwaka ule wa nyuma yake, ulipokuwa unakoroma."

Wakacheka. Hata kocha alicheka. Mama Barafu naye akacheka kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo, akatoka nje kuhesabu sponji zilizokuwa mbili.

Kipya kinyemi, alijiambia, ingawa kidonda. Watachoka nalo wiki ijayo. Lakini wiki iliyofuata wasichana walifika mazoezini nusu saa mapema, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu timu iundwe. Mdogo wake akamfuata kwenye kamba ya kuanikia jezi.

"Dada, njoo ucheze kidogo. Kuna mtu mle ndani nataka umwone."

"Nina jezi za kuanika."

"Dakika tano tu, dada yangu."

"Mimi na michezo ya watoto wapi na wapi?" Akaibana jezi namba nne kwa vibanio vitatu, wakati kimoja kingetosha.

Aliitwa mara tatu na mara tatu alikataa. Hotelini aliunguza shuka, la kwanza katika miaka kumi na moja, alama ya pasi katikati kama mtu amelikanyaga. Alikuwa akiwaza yai lake. Miaka kumi na tisa ya mayai, msomaji wangu, piga hesabu mwenyewe. Akatingisha, akapasua, akaosha chupa. Na huyu kaja na vioo vyake siku moja tu, wameshika yote! Roho ilimuuma hadi akashindwa kula. Aliwachukia wasichana kwa kuelewa.

Jumamosi ikafika, nusu fainali, dhidi ya timu ya Kiwandani. Katika chumba cha vifaa wasichana walikusanya vichwa vyao wakanong'ona, na Mama Barafu akainamisha chake. "...Mama Barafu," wakamaliza. Angalau hilo lilikuwa bado lake. Mdogo wake alikuwa ameketi benchi, karibu na kocha, amevaa kofia ya timu. Kofia hiyo Mama Barafu hakuwahi kupewa.

Mechi ilikuwa ngumu, bila kwa bila mpaka kipindi cha pili kikaanza kuchakaa. Kiwandani wakapata kona. Ngome akaruka, na mshambuliaji wao akaruka, na vichwa vikakutana kwa sauti iliyosikika mpaka benchi. Mshambuliaji akanyanyuka akishika paji la uso. Ngome alibaki chini. Refa akapuliza filimbi, Mama Barafu akakimbia na sanduku likimgonga nyonga.

Alimkuta macho yako wazi. Akampitisha sponji shingoni, akamsaidia kukaa.

"Leo ni siku gani?"

"Jumamosi."

"Tunacheza na nani?"

"Kiwandani."

"Mechi iliyopita?"

"Mbili moja."

"Na mimi naitwa nani?"

"Mama Barafu."

Haraka haraka, bila kukwama. Lakini Mama Barafu hakuwa mjinga. Aliona kwamba binti anajibu huku akilitazama sikio lake la kushoto, kana kwamba uso wa mtu umehamia pale. Aliona mikono inapapasa majani. Moyo wake ulishasema: huyu anatoka. Alikuwa tayari ameinua mkono kuwaita wa machela.

Na hapo hapo akasikia nyuma yake, "Dada, mtoe! Mwulize kitu kingine. Huoni hakutazami usoni?"

Mdogo wake alikuwa ameingia mpaka kwenye mstari. Kocha alikuwa ubavuni mwake, na Kiberiti alikuwa akisikiliza, na wachezaji wote walikuwa wakimtazama nani? Mwalimu. Mama Barafu aliona yote yatakavyosimuliwa. Akimtoa Ngome sasa, watasema Mwalimu ndiye aliyeona. Miaka kumi na tisa aliona yeye, na siku moja hii, mbele ya uwanja mzima, ataonekana ameonyeshwa. Mkono uliokuwa juu akaushusha. Hakumtazama tena binti. Alimtazama mdogo wake machoni, akasema:

"Yuko sawa. Anaendelea."

Sitamtetea. Alijua alichokuwa anafanya, na alikifanya.

Alirudi kando ya uwanja akaketi juu ya sanduku, mgongo umenyooka. Dakika ya kwanza ikapita, na ya pili. Alikuwa anaomba, safari hii kweli. Katika dakika ya nne mpira ulimpita Ngome hatua moja tu na hakuunyooshea hata mguu. Akasimama, akautazama uwanja kama mtu aliyeingia nyumba siyo. Halafu akainua mkono juu, akakaa chini katikati ya mchezo, peke yake, adui wanampita kwenda golini.

Kiberiti alimfikia wa kwanza. "Anaona mipira miwili!" alipiga kelele huku akilia. "Kama kwenye gemu! Jamani mtoeni!"

Kiwandani walifunga kwa mpira ule ule. Hakuna aliyejali, isipokuwa kocha kwa kama nusu dakika.

Walimpeleka hospitali kwa gari la mdogo mtu. Njiani Ngome alitapika ndani ya sanduku la bluu, juu ya barafu, na Mama Barafu alimshikia kichwa. Daktari, mwanamke mwenye viatu vya raba na sauti ya uchovu, alimpima muda mrefu. Akasema ni mtikisiko wa ubongo. Atabaki hapo waendelee kumwangalia, halafu ni kupumzika, asikaribie mpira mpaka yeye mwenyewe aruhusu, na hata akiruhusu ni hatua kwa hatua.

"Ametoka kwa wakati," aliongeza. "Angegongwa mara nyingine tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Nani alimtoa?"

Mdogo mtu alikuwa na nafasi yake pale, mdomo wake ulikuwa huru.

"Alijitoa mwenyewe," alisema, bila kumtazama dada yake.

Na Mama Barafu, badala ya kushukuru, alimwonea wivu hata kwa hilo: kwamba ana moyo wa kunyamaza.

Kwenye korido aliketi benchi la mbao. Kiberiti akaja akaketi karibu, amevimba macho, akichuna kucha.

"Mama, usijilaumu," alisema. "Ungejuaje? Maswali yako tunayajua wote."

"Mnayajua vipi?"

"Si tunakaririshana kabla ya mechi? Ili mtu akigongwa asitolewe. Jumamosi. Kiwandani. Mbili moja. Mama Barafu." Aliyasema kwa mnong'ono ule ule, kwa mwendo ule ule. "Wale wakubwa waliotutangulia ndio walitufundisha."

Nesi alipita mara mbili, Mama Barafu akimfuata kwa macho. "Kwa hiyo pale kwenye kona," aliuliza mwishowe, "hamkuwa mnasali?"

"Kusali?" Kiberiti alimshangaa. "Hapana, Mama."

Jumatatu, alipomaliza mashuka, hakwenda uwanjani. Alikwenda chuoni, akauliza mlango hadi mlango, akamkuta mdogo wake katika chumba kidogo kilichojaa nyaya. Hakusalimia.

"Nipe hicho kidude chako."

Mdogo mtu alimpa, akamwonyesha vitufe. Mama Barafu alicheza kwa vidole viwili vilivyozoea pasi. Kona ikaja, akaruka, akagongwa, kioo kikatikisika. Utasema au utanyamaza? Akabonyeza kusema. Na kando ya uwanja akanyanyuka mwanamke mnene mwenye kilemba cha njano na sanduku la bluu begani. Akaja akikimbia, sanduku likimgonga nyonga.

"Kichwa hakifungwi bendeji, mwanangu," alisema yule mwanamke. "Mechi zipo tele."

Mama Barafu alikisogeza kishikwambi karibu. Akacheza tena. Mwanamke akaja tena, akauliza maswali, na hayakuwa yale ya kwanza: mara umekuja na nani uwanjani, mara nani alitoa pasi ya mwisho, mara taja miezi kuanzia mwisho kurudi nyuma. Akacheza mara ya tatu, safari hii akamdanganya, akajibu kila kitu sawasawa. Mwanamke akamtazama machoni, akamtoa vilevile.

"Nilitaka umwone mapema," alisema mdogo mtu kwa sauti ya chini. "Maneno yote ni yako, dada. Hata yai limo, hatua ya pili. Mimi nimechora tu."

Ungetegemea machozi hapo, na kukumbatiana. Machozi yalikuwepo, lakini Mama Barafu alikuwa akimkazia macho yule mwanamke wa kwenye kioo, na kilichoyaleta kilikuwa wivu, wivu mkubwa kuliko wote aliowahi kuuonja. Mwanamke yule alisikilizwa. Mwanamke yule hakuwa na mdogo wa kumshinda, hakuwa na benchi la kumtazama. Kila alipoona, alisema alichokiona.

"Huyu huwa hakosei?" aliuliza.

"Hakosei, dada."

"Basi ni mwongo." Akakiweka kishikwambi mezani. "Ongeza hatua moja. Mchezaji agongwe, ajibu yote, na huyu mwanamke amwambie aendelee. Na jibu sahihi liwe kumkatalia. Wajifunze kutoka hata mimi nikisema wabaki."

"Dada, watakujua. Timu nzima itakujua."

"Ndiyo maana nasema uweke."

Mdogo wake alisogeza nyaya pembeni. Halafu akafungua droo, akatoa kipaza sauti, akakifuta vumbi kwa ncha ya shati. Akamweleza aongee karibu, asipige meza, na wakikosea watarudia, hata mara kumi, hakuna haraka.

"Sema kama ulivyosema siku ile," alimwambia.

Mama Barafu alivua kilemba chake cha njano akakifunga upya. Alijua alivyosema siku ile. Alijua hata alikuwa anatazama wapi. Akainua macho kutoka kwenye kipaza sauti, akamtazama mdogo wake usoni, akasema:

"Yuko sawa. Anaendelea."

Hawakurudia.